Besi imepotea kwenye amplifaya ya valvu moja kila upande: kabla hujanunua 300B, fungua transfoma

Swali nimelifupisha kidogo, mwenyewe aliandika refu:

"Kamwene fundi. Niko Iringa, Kihesa. Nimeunda amplifaya ya valvu, stereo, EL84 moja kila upande na ECC83 moja mbele. Umeme mkubwa nimeupata kwa transfoma mbili za volti 12 nilizozigeuzia migongo, moja inashusha nyingine inapandisha. Transfoma za kutolea sauti nimekosa, nikaweka za kawaida za 230 kwa 9 volti, niliambiwa hesabu inakubali. Inapiga, waimbaji wanasikika vizuri mpaka raha, ila besi hakuna kabisa, nikiongeza sauti inakoroma, halafu kuna mmmmm inayosikika hata muziki ukiwa umezimwa. Spika zangu ni ndogo za kabati, nyuma zimeandikwa desibeli 86. Nimeshauriwa EL84 ni kavalvu kadogo nihamie 300B, na hela nimeshaanza kudunduliza. Unasemaje?"

Kamwene mdogo wangu, na hongera kwanza, maana mtu aliyefunga valvu tatu, zile za kioo zinazowaka kama balbu, mezani kwake zikawaka na zikaimba bila kumrusha mtu ukutani huyo tayari ni fundi, kilichobaki ni kurekebisha. Hela ya 300B iache ilipo. Valvu zako hazina kosa, EL84 ni valvu ya Philips ya mwaka 1953, imepiga kwenye redio na amplifaya za dunia nzima na hakuna aliyekosa besi kwa sababu yake. Shida iko kwenye transfoma za sauti, na wala hukuchagua vibaya, hesabu ya 230 kwa 9 uliyopewa ni ya kweli, ila waliokupa hesabu hawakukuambia habari ya karatasi. Namaanisha karatasi kweli, hii ya kuandikia. Ntafika huko.

Tuangalie kwanza kinachotokea humo ndani. Valvu yako iko peke yake na inatakiwa ibebe wimbi lote, kupanda na kushuka, kwahiyo lazima iwe inapitisha umeme muda wote hata kama hakuna muziki. EL84 ikifungwa kama kitabu kinavyosema, volti 250 na rezista ya omu 135 kwenye kathodi (sehemu ya valvu inayopashwa moto na kutoa elektroni), inapitisha kama miliampia 48, na hizo zote zinapita kwenye ule waya wa upande wa 230 wa transfoma yako zikielekea upande mmoja, hazigeuki hata siku moja. Sasa transfoma ya kawaida haijazoea hayo maisha, yenyewe imezoea umeme wa ukutani unaokwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, chuma kinavutwa huku kikimaliza kinavutwa kule, mwisho wa siku hakuna upande ulioshinda. Wewe umekifunga kamba upande mmoja. Chukua transfoma ya wati 50 hivi, ambayo mguu wake wa kati una sentimita za mraba 8, upande wa 230 utakuta mizunguko kama 1000. Zidisha 1000 kwa ampia 0.048, unapata ampia-mizunguko 48, na kwenye chuma ambacho bati zake zimepandana vizuri bila mwanya hizo zinatosha kukishibisha karibu kabisa kabla hujabonyeza hata pleya. Chuma kimeshakula ugali na maharage kimeshiba, halafu wewe ndo unakiletea besi.

Na kwanini waimbaji wako wanasikika vizuri? Kwa sababu sauti nyembamba haikisukumi chuma muda mrefu. Wimbi la hezi 1000 linasukuma upande mmoja kwa nusu milisekunde tu likageuka, la hezi 50 linasukuma milisekunde 10 nzima, mara 20 zaidi. Kwahiyo gita la solo linapita, besi ya Msondo inakwama mlangoni, na ukizidisha sauti ndo hapo unasikia kukoroma. (Kwa sababu hiyohiyo usikubali mtu akuuzie transfoma iliyotolewa kwenye amplifaya ya valvu mbili zinazopokezana. Kule kila valvu inavuta upande wake umeme unafutana, chuma chao hakina mwanya, ukileta kwako utarudi palepale na utakuwa umeliwa hela.)

Mi mwenyewe hili nililijua kwa aibu. Enzi hizo niko kijana najifunza kazi hapa Mbeya, Sokomatola, kaletwa redio-gramu moja kubwa kama kabati, transfoma ya sauti imeungua. Nikaifungua, nikakuta bati za chuma zenye umbo la herufi E zote zimeangalia upande mmoja, zenye umbo la I zote zimepangwa upande wa pili, na katikati kuna kipande cha karatasi kimegeuka rangi ya kahawia. Nikajisemea hawa watu wa kiwandani walikuwa wavivu kweli. Nikasuka waya upya, karatasi nikaitupa, bati nikazipandanisha moja hivi moja vile kama nilivyofundishwa kwenye transfoma za umeme, nikafunga nikijiona nimewazidi wazungu. Siku ya tatu mwenye redio karudi nayo kwenye mkokoteni, kasema kijana, redio yangu imepata mafua. Nikabadilisha valvu, mafua yapo. Nikabadilisha kapasita, mafua yapo. Jirani yangu mzee mmoja aliyekuwa amezeekea kwenye hizo redio alikuwa anakunywa chai tu ananiangalia, siku ya pili akaniuliza swali moja, "karatasi umeweka wapi?"

Ile karatasi ndo mwanya. Usumaku ukifika pale unakuta si chuma tena, ni karatasi, na kwa usumaku karatasi ni sawa na hewa, inabidi uruke, na kuruka hewa ni kazi kubwa kuliko kutembea ndani ya chuma, kwahiyo ule umeme wa upande mmoja hauwezi tena kukishibisha chuma kirahisi. Karatasi ya A4 ina unene wa kama milimita 0.1. Usumaku unaivuka mara mbili, ukienda kwa mguu wa kati na ukirudi kwa miguu ya pembeni, kwahiyo hesabu mwanya wa 0.2. Kwa zile ampia-mizunguko 48 inakuja tesla 0.3 hivi (tesla ni kipimo cha usumaku), wakati chuma cha aina hii kinaanza kuelemewa karibu na 1.5. Unaona nafasi iliyopatikana? Kwa karatasi moja ya duka la steshenari.

Ila mwanya huohuo unakula henri za transfoma, na henri ndo zinazozuia sauti za chini zisipotelee humo kwenye waya. Mizunguko 1000, chuma hicho, mwanya wa 0.2, unabaki na henri 4 au 5 tu. Sasa EL84 ikiwa imefungwa kama ulivyoifunga wewe, kama pentodi, na mzigo wa kilo-omu 5, ukitaka besi ifike hezi 40 unahitaji karibu henri 18. Kwa 4 na nusu besi yako inaanza kudondoka kwenye hezi 160 hivi, yaani umetoka kwenye mafua umeingia kwenye kikohozi. Hapa ndo wengi wanakata tamaa wanasema transfoma za kawaida hazifai, wakati kilichobaki ni kuhamisha waya mmoja.

Huo waya ni wa skrini, ile gridi ya pili ndani ya valvu. Ukiifunga EL84 kama triodi, yaani skrini ikafuata anodi, ule mguu uliofungwa kwenye transfoma ya sauti, badala ya kwenda moja kwa moja kwenye umeme mkubwa, ukinzani wake wa ndani unashuka kutoka kilo-omu 38 mpaka 2 hivi. Na kinachoamua besi ifike wapi ni huo ukinzani wa ndani ukiwa sambamba na mzigo wa spika unaoonekana kupitia transfoma. Kilo-omu 2 sambamba na 4 (ndo mzigo transfoma yako inaouonyesha kwa spika ya omu 8, hesabu yake inakuja) ni 1.33, weka na zile henri 4 na nusu, inakuja hezi 47. Transfoma ileile. Tena spika inashikwa vizuri, koni haiyumbiyumbi yenyewe baada ya pigo la ngoma, kwa hiyo hata besi iliyopo inakuwa na umbo, si ule mvumo tu wa buuu.

Gharama yake ni wati. Kitabu cha valvu kinaipa EL84 wati 5.7 ikiwa pentodi, na hizo ni wati za asilimia 10 ya mkwaruzo kwahiyo usizihesabu zote, na wati 1.95 ikiwa triodi yenye volti 250. Wapo watakaokuambia baki na pentodi halafu rudisha sehemu ya sauti nyuma, ile fidibeki, na si uongo, inafanya kazi, viwanda vilifanya hivyo miaka yote. Mi kwa transfoma hizi ndogo sipendi, unakilazimisha chuma kibebe huko chini mzigo usio wake. Wati 2 kwenye hezi 40 zinaongeza kama tesla 0.6 juu ya ile ya kudumu, jumla haifiki 1, chuma kinapumua. Chukua wati 2 ulale.

Sasa kazi yenyewe, na kabla hujashika bisibisi nisikilize. Kuchomoa plagi hakutoshi. Kapasita zako zinashikilia volti 280 hivi na zinaweza kuzishikilia mpaka kesho, mi zimeshanipiga amplifaya ikiwa imechomolewa tangu asubuhi, kiwiko kiligonga ukuta nikadhani nimevunjika. Funga rezista ya kilo-omu 220, wati 2, moja kwa moja kwenye miguu ya kapasita ya mwisho, ikae hapo daima. Kwa mikrofaradi 100 inahitaji kama dakika mbili kumaliza, kwa jumla ya kapasita zako zote ngoja dakika nne, halafu bado upime kwa mita, usiamini rezista, rezista nazo hukatika. Ukilazimika kupima amplifaya ikiwa inawaka, mkono mmoja mfukoni, viatu miguuni, na mtoto asiwepo chumbani. Chesisi iunganishwe na waya wa ardhi wa plagi, na fyuzi iwepo. Ile mbinu yako ya transfoma mbili za 12 kupeana migongo naipongeza kwa sababu imekutenganisha na umeme wa ukutani, kuna vijana wanaweka dayodi moja kwa moja kwenye 230 eti kuokoa hela ya transfoma, hao wanatengeneza jeneza lenye spika.

Transfoma za sauti zitoe zote mbili uziangalie. Kama bati zimeunganishwa kwa kuchomelewa ubavuni, hiyo haifunguki, tafuta nyingine. Ya duara kama chapati haina E wala I, haifai kabisa kwa kazi hii. Tazama pia bobini, kile kigogo kilichosukiwa waya, zile ambazo nyaya zimekaa vyumba viwili, 230 chumba hiki na 9 chumba kile, zinakula sauti nyembamba, vyombo vya chiki-chiki vinafifia, tafuta ambayo waya mmoja umesukwa juu ya mwingine. Kufungua: toa boliti au kile kifuniko cha bati, weka transfoma juani mchana au karibu na jiko (karibu, si juu ya jiko) ili vanishi ilegee, halafu ingiza kisu chembamba chini ya bati ya kwanza na uitikise taratibu. Ya kwanza huwa inapinda, kubali, itupe. Ya pili inatoka kwa matusi. Kuanzia ya tano zinatoka zenyewe. Usizipige nyundo wala usizikunje, na panga E zako pembeni, I zako pembeni, hesabu zilingane.

Kurudisha: E zote ziingie kwenye bobini kutoka upande mmoja, zibane mpaka zisichezecheze. Kata karatasi ya A4 upana wa chuma, ilaze juu ya miguu yote mitatu ya E, weka juu yake I zote zikiwa zimepangwa kama tofali, bana kwa nguvu na ufunge. Ukitaka kucheza kidogo jaribu karatasi nyembamba ya risiti za dukani, ile ina kama nusu ya unene wa A4 na kidogo, henri zinapanda, na kwa miliampia 34 za triodi chuma bado kitakuwa salama. Mi ningeanza na A4 kwanza nisikie.

Kabla hujairudisha kwenye amplifaya ipime uwiano, na hapa wengi wanakosea kwa kuamini maandishi. Peleka 230 ya ukutani upande wake, na fyuzi ndogo ikiwepo, kisha pima upande wa 9 bila kufunga kitu chochote. (Ikiwa na karatasi itavuta umeme zaidi na kupata joto, usiiache zaidi ya sekunde chache, au fanya kipimo hiki kabla hujaifungua, ni bora.) Transfoma ndogo iliyoandikwa 9 ikiwa haina mzigo inatoa 10 au zaidi. Ya kwangu iliyopo mezani sasa hivi inatoa 10.2. Basi 230 gawanya kwa 10.2 ni 22.55, zidisha yenyewe kwa yenyewe unapata 508, zidisha na spika ya omu 8, kilo-omu 4 na kidogo. Kitabu kinaitaka triodi ya EL84 kwenye 3.5, kwahiyo tuko nyumbani. Spika ya omu 4 kwenye transfoma hiyohiyo inakupeleka 2, ni chini sana, usiweke.

Kwenye soketi ya EL84, ukiitazama kwa chini, pini ya 2 ni gridi, 3 kathodi, 4 na 5 hita, 7 anodi, 9 skrini. Ondoa waya unaotoka pini ya 9 kwenda kwenye umeme mkubwa, funga rezista ya omu 100 wati 1 kutoka pini ya 9 kwenda pini ya 7. Basi, umeshapata triodi. Kathodi toa ile 135 weka 270 ya wati 1 au 2, pamoja na kapasita yake ya mikrofaradi 220 volti 25. Washa, ngoja valvu zipate moto, pima pini ya 3. Ukikuta volti 9 na kidogo, gawanya kwa 270, ni miliampia 34 hivi, mara volti 250 ni wati 8 na nusu, na valvu inaruhusiwa 12. Zamani ulikuwa unaikamua kwenye 12 kamili. Umeme wako mkubwa utapanda kidogo kwa sababu mzigo umepungua, ikifika hata 280 kati ya pini ya 7 na ya 3 usiogope. Pima pia pini ya 2, inatakiwa sifuri. Ukikuta hata volti moja na nusu hapo, kapasita inayotoka ECC83 inavuja, na kama uliing'oa kwenye redio ya babu ndo yenyewe hiyo, weka mpya ya mikrofaradi 0.1 ya volti 630. Kapasita ya namna hii ikiendelea kuvuja anodi inakuwa nyekundu kama pasi ya mkaa na unazika valvu nzima. Na usiwashe amplifaya bila spika, hata kidogo.

Ngurumo sasa, ile mmmmm yako. Amplifaya ya valvu mbili inafuta yenyewe sehemu kubwa ya ngurumo ya umeme, ya kwako haifuti chochote, kila uchafu unaobaki kwenye umeme mkubwa unausikia. Umeniambia kwenye barua ndefu kwamba umeweka kapasita ya mikrofaradi 47, rezista ya omu 150, halafu kapasita ya mikrofaradi 100. Kwa miliampia 70 za pande zote mbili, kwenye ile 47 kuna mtikisiko wa karibu volti 15 kutoka juu mpaka chini, na rezista yako na ile 100 vinaugawa kwa 9 tu, bado volti moja na nusu. Hapo tafuta choki ya tyubulaiti. Zile nzito za chuma, si hizi nyepesi za elektroniki. Watu wanabadilisha tyubulaiti wanaweka za LED, choki zinatupwa kwenye skrepa, hata hapa Mwanjelwa ukiuliza mafundi umeme watakupa na kushukuru. Ile ya wati 36 au 40 ina kama henri 1, na ndani yake mwanya upo tayari, na waya wake unabeba kama ampia 0.4 kwahiyo 0.07 yako haiisikii hata. Iweke mahali pa rezista, mtikisiko unagawanywa kwa karibu 38. Ukiweka mbili mfululizo na kapasita nyingine katikati unapata ukimya wa saa nane usiku Makambako.

Ikibaki mmm nyembamba baada ya hapo, ni hita au ni transfoma zinasengenyana. Hita za EL84 zako mbili umeziunga mfululizo kwenye 12, sawa, waya zake zisokotwe pamoja na zipite kwenye kona ya chesisi mbali na gridi ya ECC83, na funga rezista mbili za omu 100 wati 1 kutoka kila waya wa hita kwenda ardhi, nusu huku nusu kule. Transfoma zikisengenyana utajua hivi: usiunganishe kitu, weka transfoma ya sauti peke yake juu ya chesisi, chomeka hedifoni za bei rahisi upande wake wa 9, washa ile ya umeme tu. Utasikia ngurumo kwenye hedifoni. Izungushe taratibu na uisogeze, kuna mahali ngurumo inapotea kabisa, mara nyingi chuma kikiwa kimekaa msalaba na kile kingine. Piga alama ya penseli, toboa hapo. Nimewahi kumwona mtu ametoboa chesisi nzuri ya aluminiamu kwanza, imepakwa rangi na herufi, halafu ndo akaja kuuliza habari ya ngurumo, nilimwonea huruma.

Tena kama huko kwenu mnatumia inveta ya bei nafuu siku umeme ukikatika, ngurumo ya siku hiyo usiihangaikie, mawimbi yake ni ya pembe pembe na transfoma zote zitaimba zenyewe. Umeme wa ukutani nao ukikuonyesha 245 usiku wa manane si mbaya, hita zinavumilia asilimia 10 juu au chini, ukipita hapo stabilaiza ni halali. Na mvua za Januari na radi zetu hizi za nyanda za juu, chomoa, usitegemee swichi.

Turudi kwa 300B maana naona bado inakukereketa. Ni valvu nzuri, Western Electric waliitoa mwaka 1938, inakupa kama wati 8, na ukiipiga kwenye vyombo vinavyostahili utakaa chini kimya. Ila hita yake ndo kathodi yenyewe, volti 5 ampia 1.2, ukiipa umeme wa kawaida inanguruma, inataka umeme ulionyooshwa. Inataka volti 350 na miliampia 60, na transfoma ya sauti kubwa kuliko hizo zako mara kadhaa, na ungeifunga kwenye transfoma zako za sasa zisizo na karatasi miliampia 60 zingekishibisha chuma zaidi kuliko EL84 ilivyokishibisha. Ungelipa hela nyingi besi ikapungua. Hapo ndo nashindwa kumwelewa aliyekushauri.

Zile hela ukitaka kuzitumia zipeleke kwenye spika. Desibeli 86 maana yake wati 1 inakupa 86 kwa mita moja, kwa wati 2 ni 89, chumba kidogo na ukae karibu. Spika ya inchi 12 ya vyombo vya ukumbini, koni ya karatasi, inakuwa 96 hivi, kwa wati hizohizo 2 unapata 99. Hiyo tofauti ya desibeli 10 ni sawa na kuzidisha amplifaya mara kumi, yaani kwa spika zako za sasa ungehitaji wati 20 kupata kelele ileile. Huko kwenu mbao si tatizo, Mafinga hapo ni jirani, chukua ubao mmoja mpana wa plaiwudi nene, sentimita 80 kwa mita moja, toboa tundu kidogo pembeni ya katikati, funga spika, uegemeze. Haina hata kabati. Si ya mwisho lakini gita la Mbaraka Mwinshehe likipita hapo shemeji atatoka jikoni kuja kuangalia nani kaja na gita.

Fanya upande mmoja kwanza. Upande wa kushoto weka karatasi na triodi, wa kulia uache ulivyo, halafu pakua kwenye simu programu ya kutoa mlio wa hezi, weka 400, pandisha mpaka mita isome volti moja ya AC kwenye spika, usiguse sauti tena, shusha 100, shusha 50, andika ulichosoma. Ukikuta 50 bado inasoma zaidi ya 0.7 kushoto, fungua ya kulia nayo. Ukikuta chini ya hapo niandikie volti ya pini ya 3, ya pini ya 7, na picha ya chuma ulivyokipanga, na kama ile bati ya kwanza uliipinda ukairudisha hivyohivyo nitaiona.